Zamu ya Kuogopa

1

Hofu ilimjia Mchomvu akiwa anamenya yai.

Alikuwa ameketi ukingoni mwa kasoko ya Oldoinyo Lengai, ule ambao Wamasai huuita Mlima wa Mungu, mgongo ameuegemeza kwenye mwamba, kamba ya kushukia imepita katikati ya miguu yake na kutokomea shimoni. Jua la asubuhi lilikuwa linakausha jasho la kupandia. Yai ni la kuchemsha, walitoka nalo kambini, na ganda alikuwa amelipasua kwenye goti. Ghafla vidole vikagoma. Yai likamponyoka, likabingirika juu ya majivu meupe, likadumbukia shimoni bila hata kishindo.

Hakulifuata kwa macho. Aliyafumba, akaanza kazi.

Kazi yake siku hiyo ilikuwa kuogopa, na kuogopa vizuri ni ufundi. Mtu asiyejua atatetemeka tu. Mbebaji aliyekomaa hupepeta. Kila hofu inapoingia huiweka kwenye ungo wa moyo, huirusha juu, huuliza: hii ni yangu au ni yake? Hofu yake mwenyewe Mchomvu aliijua kama kikohozi chake. Ilianzia magotini, ikapanda taratibu, baridi kama maji ya mtungi. Hofu ya Tesha, mwenzake aliyeshuka shimoni, haikuwa na adabu hiyo. Iliingilia kooni, ya moto, na ilikuja mbio.

Hii ilikuwa ya kooni.

Nyuma ya sikio lake la kushoto, chini ya ngozi, nira ilikuwa imepata joto. Akabonyeza redio ya kifuani.

"Tesha. Mtani, umefika wapi?"

"Nimefika kwa Mungu." Sauti ilitoka chini, imejaa kicheko. "Si ndiyo nyumba yake hii? Ananiuliza Wapare wako wapi. Nimemwambia wako mahakamani, wanagombania kuku."

"Nakuuliza swali la maana."

"Na jibu ni la maana. Kesi yenyewe imeahirishwa. Wamekwenda kuuza ng'ombe wapate wakili."

Siku nyingine Mchomvu angemlipa palepale. Angesema Mchagga akifika mbinguni hasalimii, anauliza kwanza kiwanja cha kona ni bei gani. Leo hakuwa na nafasi ya utani. Joto la kooni lilikuwa linakaza kama mkono wa mtu.

Walikuwa wameanza hivi tangu chuo cha ufundi, vijana wawili wenye baiskeli moja na ramani iliyochanika. Waliizunguka Rukwa wakati wa mafuriko. Waliteremka Kilombero kwa chelezo cha mapipa. Walifika Rwenzori mwaka ule barafu ya mwisho ilipokwisha, wakasimama kwenye mwamba mtupu wakakosa la kusema. Nira ilipotoka walikuwa tayari wana mvi za kwanza. Ilibuniwa kwa ajili ya waokoaji na wachimba migodi: chembe mbili za chuma, moja kwa kila mtu, zinazosikiliza ile sehemu ndogo ya ubongo, kubwa kama lozi, ambako hofu huzaliwa. Mmoja huwa mwepesi. Hofu yake yote humwagikia mwenzake. Mkono wake hautetemeki, jicho lake halikwepi. Mwingine huwa mbebaji. Hubaki nyuma, amefungwa kwenye kitu kisichong'oka ili asitimue mbio, akiogopa kwa wawili.

Walipeana zamu. Safari hii wewe, ijayo mimi. Na jioni, kando ya moto, mbebaji alizungusha kigurudumu kilichokuwa kwenye bangili yake ya nira, akamrudishia mwenzake hofu kijiko kwa kijiko. Hapo ndipo mwepesi alipoanza kutetemekea jabali alilolivuka mchana akipiga mluzi. Alilia, akacheka, akashika mikono ya mwenzake. Wenyewe waliihesabu hiyo kuwa ndiyo safari hasa. Kupanda na kushuka kulikuwa njia tu ya kuifikia. Safari haijaisha, walikuwa wakisema, mpaka hofu irudi kwa mwenyewe.

Lakini safari moja ilikuwa haijaisha kwa miaka miwili sasa. Na haikuwa safari ya mlimani.

2

Walipomzika Anansia, mke wa Tesha, Mchomvu alifanya lile ambalo mtani hufanya.

Jeneza lilipofikishwa kwenye kaburi, katikati ya migomba ya kihamba, shamba la ukoo, alishuka yeye kwanza. Akalala chali ndani ya lile shimo, suti na viatu vyote, akapiga kelele kwamba chumba kimeshapata mpangaji. "Huyu mama hashuki! Hashuki mpaka niletewe mbege, na isiwe ile ya kwenu ya maji!" Waombolezaji wakacheka huku machozi yakiwatiririka. Wanawake wakamletea kata. Akanywa, akasema ni mbaya, akadai nyingine. Ndiyo kazi ya mtani msibani. Anauchukua uzito wa jambo na kuupeleka pembeni kidogo, ili wenye msiba wapate kuvuta pumzi.

Tesha hakucheka. Watu walipotawanyika alimvuta mkono hadi nyuma ya zizi.

"Sijalala tangu alipofariki," alisema. "Naogopa kitanda, mtani. Mtu mzima mimi, nasimama mlangoni mwa chumba changu mwenyewe, naogopa kitanda."

"Itapita."

"Nibebee."

"Tesha, hatuko kwenye kamba."

"Niko kwenye kamba. Wewe huioni tu." Alimshika kola. "Nibebee. Na usinirudishie mpaka nikuombe kwa mdomo wangu. Niapie."

Mtani msibani hakatai. Akishakataa, si mtani tena. Mchomvu akaapa, na akaiwasha nira palepale, udongo wa kaburi ungali mgongoni mwa koti lake.

Wawili wengine wowote wangewekeana tarehe. Hawa walipeana kiapo cha msibani, na kiapo hicho kilikuwa na tundu ambalo hawakuliona. Tesha alilala usingizi usiku uleule. Akaamka mwenye furaha, akala, akaanza kupanga safari. Hakuomba kurudishiwa siku ile, wala mwezi ule, wala mwaka ule. Angeomba kwa nini? Asiye na hofu haoni sababu ya kuwa nayo.

Mchomvu ndiye aliyekuwa akisimama mlangoni mwa chumba chake, huko Usangi, akikiogopa kitanda ambacho mke wake mwenyewe alikuwa amelala salama juu yake, akimwita kwa usingizi. Mwanzoni alikuwa akipepeta: hii yangu, hii yake. Mwaka wa pili akachoka. Hofu mbili zilizokaa chungu kimoja siku nyingi hugeuka makande. Huwezi tena kula mahindi ukaacha maharage. Wahandisi wa nira walikuwa wamemwonya. Hofu iliyolala namna hiyo, walisema, irudishwe kidogokidogo kwa wiki nyingi. Ikirudishwa kwa mkupuo mmoja, moyo wa mzee unaweza kusimama.

Alipanga kumwambia Tesha. Alipanga kumwambia kwenye safari hii, wakishashuka.

3

"Tesha, kipimo chako cha gesi kinasemaje?"

"Nimekizima."

Mchomvu alidhani hakusikia vizuri. "Umekifanya nini?"

"Kilikuwa kinalia kama kitoto cha mbuzi. Mahali pazuri namna hii, kelele za nini?" Redio ilikwaruza. "Ungeona, mtani. Kuna kichuguu cha lava hapa, kirefu kunishinda, kina tundu kama jicho. Ndani kunachemka uji mweusi, mwembamba kama mafuta ya gari. Ukimwagika nje unaanza kuwa mweupe. Nataka nichungulie."

"Vaa barakoa ya hewa."

"Iko kiunoni."

"Nimesema ivae!"

"Nitaivaa. Ngoja kwanza nichungulie."

"Kamba inafika hapo?"

"Haifiki. Nimejifungua."

Mchomvu aliishika kamba na kuivuta. Ilikuja nyepesi, kama mkono wa nguo usio na mtu ndani.

Akaelewa. Humo shimoni kulikuwa na hewa nzito isiyo na rangi wala harufu, ile inayolala mabondeni kama maji ya bwawa. Anayetembea ndani yake haioni. Lakini mwili hauhitaji kuiona. Damu inapoonja hewa hiyo, kengele ya mwisho ambayo Muumba ameitundika ndani ya kila mnyama hulia yenyewe, na mtu hutimua mbio kabla hajajua anakimbia nini. Kengele ya Tesha ilikuwa inalia. Ila ilikuwa inalia huku juu, katika koo la mtu mwingine, aliyekuwa anavuta hewa safi ya mlimani na huku anahisi anazama.

"Tesha, nisikilize. Huna hewa. Mwili wako unapiga kelele, mimi ndiye ninayeusikia."

"Kichwa kinagonga kidogo. Ni jua."

"Si jua! Rudi kwenye kamba!"

"Unapiga makelele, Mchomvu." Alisema bila hasira. Maneno yalikuwa yameanza kuburuza miguu. "Nitakaa hapa kidogo. Pana joto zuri. Halafu nitarudi."

"Usikae! Tesha! Usikae chini!"

"Nimeshakaa."

Mchomvu alianza kufungua fundo lililomshikilia mwambani. Vidole havikuweza. Alilifunga mwenyewe kwa ajili ya saa kama hii, fundo ambalo mikono inayotetemeka haiwezi kulifungua. Na angeweza, angefanya nini? Mbebaji mwenye hofu za watu wawili hashuki ukuta; huanguka. Wangekufa wote, mmoja akitabasamu.

Kilibaki kigurudumu.

Alikishika, akakiachia. Alimwapia mtu. Alimwapia akiwa na udongo wa kaburi la Anansia mgongoni. Na kama ule moyo wa mzee ungesimama, angekuwa amemuua kwa mkono wake, badala ya kumwacha afe kwa hewa. Tena afe vipi? Sasa hivi Tesha alikuwa anakufa kama anayesinzia barazani baada ya kula. Mchomvu akiifungua nira na mwenzake asiifikie kamba, Tesha angekufa akipiga mayowe, kitanda cha Anansia kimemkaa kooni, na zawadi ya mwisho kutoka kwa rafiki yake ingekuwa ni hiyo. Ipi kati ya hizi ni huruma?

Kulikuwa na jambo jingine, dogo na la aibu, na hakuweza kulipepeta litoke. Alikuwa amechoka. Miaka miwili alikuwa anatamani kuutua ule mzigo. Sasa mkono wake ulikuwa juu ya kigurudumu, naye hakujua kama ulikuwa unataka kuokoa mtu au unataka kupumzika.

"Tesha," aliita, na sauti yake ilimtoka kama ya mtoto. "Niombe."

"Nikuombe nini?"

"Hofu yako. Sema tu, nirudishie. Neno moja, mtani. Nakusihi kwa jina la Anansia, niombe."

Redio ilikwaruza tu; alidhani amechelewa.

"Ya nini?" Tesha aliuliza, kwa upole kabisa, kama mtu anayepewa sweta wakati wa jua kali.

Mchomvu akakizungusha kigurudumu hadi mwisho.

4

Mayowe yalianza kwenye redio, kisha yakasikika yenyewe kutoka shimoni.

Mchomvu aliyasikiliza. Aliyasikia vizuri, kama unavyosikia jogoo wa jirani. Magoti yake yalikuwa yametulia. Koo lilikuwa wazi. Alitazama mikono yake ikifungua lile fundo kwa utaratibu, kitanzi baada ya kitanzi, akashangaa jinsi lilivyo rahisi. Kisha akasimama, akasogea hadi mwisho wa mwamba, akainama kuchungulia.

Palikuwa pazuri kweli. Tesha hakusema uongo.

"Barakoa," alisema kwenye redio. "Iko kiunoni. Ivae."

Mayowe yalikatika. Badala yake ikaja pumzi, nzito, inayokwaruza, ya mtu anayekunywa hewa kwa pupa.

"Kamba iko kulia kwako. Tambaa. Usisimame."

Alikiona kidoa cha koti jekundu kikitambaa juu ya lava iliyopauka, kikianguka, kikitambaa tena. Akaona mikono ikihangaika na kulabu. Kamba ikakaza. Mchomvu akashika mkono wa winchi ya kuvutia kamba, iliyofungwa mwambani, na kuzungusha, huku anahesabu pumzi zake kama alivyofundishwa, na ilikuwa kazi tu, kama kuchota maji.

Katikati ya ukuta kamba iligoma.

"Siwezi!" Tesha alikuwa ameukumbatia mwamba, shavu amelibandika kwenye jiwe. "Mchomvu, siwezi! Moyo wangu! Nishushe! Usinishushe! Mama yangu, usinishushe!"

"Unaweza."

"Unapasuka, nakwambia! Unapasuka!"

Mchomvu alingoja. Na katika kungoja huko aligundua kitu. Alijua kwamba mtu aliye pale chini ni rafiki yake kuliko watu wote duniani. Alijua kwamba huenda baada ya dakika moja asiwe na rafiki. Mambo hayo mawili aliyajua, na yalikaa bega kwa bega ndani yake bila kugusana. Akaitafuta hofu. Akapita magotini, tumboni, kifuani, chumba kwa chumba. Nyumba ilikuwa imefagiliwa. Kwa haraka hakupata nafasi ya kuchagua mahindi na maharage. Alikuwa amemwaga chungu kizima.

Hata hilo halikumtisha.

Basi akafanya kwa kile kilichobaki. Alikumbuka kwamba mtu akikwama, mwenzake humsemesha. Akamsemesha.

"Mchagga," alisema, "ukifia hapo ukutani nitakizika kiatu tu, na nitasema mbele ya ukoo wako wote kwamba ulikataa kupanda kwa sababu hakuna aliyekuambia juu kuna duka."

 Kutoka chini ikaja sauti mbaya, nusu kilio, nusu kitu kingine.

"Mpare... mwanaharamu..."

Mguu wa Tesha ukatafuta ufa. Ukaupata.

5

Alitokea juu kwa tumbo. Akatambaa mbali na shimo, akatapika, akang'oa barakoa, akalala huku viganja vimechimba majivu. Midomo ilikuwa ya kijivu. Mchomvu akamwekea vidole shingoni: moyo unakwenda mbio, unajikwaa, lakini unakwenda.

"Uliniapia," Tesha alisema, uso ungali chini.

"Nilikuapia."

"Ningekufa."

"Ndiyo."

"Uliniapia, Mchomvu." Akaanza kulia, kilio kile cha msibani ambacho kilikuwa kimeahirishwa. Alimwita Anansia. Alimwita mara nyingi, kwa jina na kwa jina la nyumbani, akamuuliza kwa nini amemwacha na kile kitanda. Kisha akanyamaza, kama mtu aliyesikia mlango ukifunguliwa nyuma yake. Akashika magoti yake.

"Na hii ya baridi? Inayopandia huku chini? Hii si yangu."

"Ni yangu. Sikupata muda wa kupepeta."

Tesha aliketi. Akainamisha kichwa, kama anayesoma kitu kwa vidole gizani. Alipoinua uso, macho yalikuwa yamemtoka pima.

"Ni mimi," alinong'ona. "Unaniogopea mimi. Kila simu inapolia. Kila ninapowasha gari. Kila ninapoenda... Mchomvu, imejaa mimi. Uliishije na hii?"

"Sikumbuki," Mchomvu alijibu, na ilikuwa kweli. Akarudi ukingoni kukusanya kamba.

"Usiende huko!"

"Naikunja tu."

"Visigino! Visigino vyako viko nje!"

Mchomvu akatazama. Kweli, nusu ya viatu vyake ilikuwa juu ya hewa, na vijiwe vilikuwa vinamomonyoka chini yake. "Pako sawa tu," alisema.

Tesha alikuja kwa magoti, akitweta, macho ameyafumba nusu asilione shimo. Akamkamata mkanda kwa mikono miwili, akamvuta hadi wote wakaanguka juu ya majivu. Hakuuachia. 

"Chukua nusu," alisema. "Chukua yako, angalau. Zungusha hicho kigurudumu."

Mchomvu akakijaribu. Hakikusogea. Nira iliyofunguliwa yote hujifunga hadi kesho yake, ili isiunguze bongo za watu. Alimwonyesha. Tesha akakitazama, kisha akautazama mteremko wa Lengai, mkali kama paa la kanisa, majivu yanayoteleza, mifereji iliyochimbwa na mvua, na mbali kabisa chini, bati moja la kambi likimetameta. Mzee mmoja anayeogopa kila kitu. Mzee mmoja asiyeogopa chochote. Na njia ni hiyo moja.

"Natangulia mimi," alisema Tesha.

"Wewe? Huwezi hata kusimama."

"Sisimami. Natambaa. Wewe utaweka mguu pale nitakapokuambia, na usiweke pengine popote. Umenisikia?"

Alifunga kamba kutoka kiunoni kwake hadi kiunoni kwa Mchomvu. Alilijaribu fundo, akalijaribu tena, akalijaribu mara ya tatu. Kisha akageuka, akaanza kushuka kinyumenyume kwa miguu na mikono, akiligusa kila jiwe kabla ya kuliamini, analia kwa sauti bila haya.

"Hapa. Si hapo. Hapa."

Upande wa kushoto kulikuwa na mteremko mweupe, laini, ulionyooka moja kwa moja. Mtu angeweza kuuteremka mbio, akafika kambini chakula kikiwa bado cha moto. Mchomvu aliutazama.

"Kwa nini tusipite kule?"

"Kwa sababu nimesema."

Mchomvu hakuona sababu yoyote. Akaweka mguu pale alipoambiwa.